Mafunzo Sita Niliyopata kwa Kupuliza Shofa Tegeta

Mkazi wa Tegeta hahitaji nauli ya Yerusalemu ili aisikie shofa. Ijumaa ya mkesha, kuanzia Nyuki hadi Kibaoni, pembe hiyo hulia makanisani katikati ya maombi. Mimi ni mpiga tarumbeta, kwa hiyo shofa ilipoingia kanisani kwetu, wazee walinikabidhi mimi kwa hoja moja tu: "Huyu ana pumzi." Nimeipuliza kwa miaka kadhaa, huku nikisoma habari za Wayahudi, wenye asili yake. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Si kila pembe ni shofa

Wayahudi hupendelea pembe ya kondoo dume, kwa kumbukumbu ya yule aliyenaswa kichakani Abrahamu alipokuwa tayari kumtoa Isaka. Pembe ya ng'ombe haifai. Sababu moja wanayoitoa ni kwamba inakumbusha dhambi ya ndama wa dhahabu, na mtu anayekwenda kuomba rehema habebi ushahidi wa kujishtaki mwenyewe. Wayahudi wa Yemen wao hutumia pembe ndefu iliyojisokota ya tandala mkubwa, mnyama tunayemwona hapa kwetu Ruaha.

Hapo pana jambo la kuangalia. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, pembe ya tandala ni nyara ya Serikali. Kuwa nayo bila kibali ni jinai, hata kama imelazwa madhabahuni. Akija mtu kutuuzia ndefu yenye mvuto, mimi huulizia karatasi kwanza. Ya kondoo inatosha.

2. Ufundi uko kwenye urefu wa sauti

Tarumbeta ina vitufe vya kubadilisha noti. Shofa haina kitu. Ni midomo iliyobanwa na pumzi inayotoka tumboni, na noti zenyewe ni mbili tatu. Kinachotofautisha mlio mmoja na mwingine ni jinsi unavyokatwa. Tekia ni sauti moja iliyonyooka. Shevarimu ni tatu, kama mtu anayeguna kwa maumivu. Terua ni vipande vifupi tisa au zaidi, kama mtu anayelia kwa kwikwi. Katika Rosh Hashana, mwaka mpya wao, sinagogi nyingi hufikisha milio 100. Kwa midomo ya mpuliza pembe, hiyo ni kazi ya kibarua.

3. Kipimo chake ni kilio cha mama wa adui

Hili ndilo lililonibadilisha zaidi. Torati inaagiza sauti ipigwe siku ya Rosh Hashana, lakini haisemi iweje. Wanazuoni wa Talmud walipotafuta kipimo, walikwenda kwa mama yake Sisera, yule wa Waamuzi sura ya 5, aliyechungulia dirishani akimngoja mwanawe asiyerudi. Swali likabaki: aliguna au alilia kwa kwikwi? Rabi Abahu wa Kaisaria, yapata mwaka 300, akaamua vyote viwili vipigwe.

Sisera hakuwa ndugu yao. Alikuwa jemadari mwenye magari 900 ya chuma, wa mfalme aliyewaonea Israeli miaka 20. Hata hivyo, katika mwaka mpya, siku yao kuu ya hukumu, wanapuliza machozi ya mzazi wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, awe wa upande wowote. Sisi Tegeta huipuliza ili adui aanguke, na Yeriko imo kweli katika Maandiko. Lakini tangu niyajue haya, kila nikisikia "piga, adui afe", namkumbuka yule mama.

4. Amri ni kusikia

Baraka wanayoisoma kabla ya mlio wa kwanza humshukuru Mungu aliyewaamuru kuisikia sauti ya shofa. Kupuliza ni utumishi tu. Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, inasema mtu akipita nyuma ya sinagogi akaisikia, ametimiza amri iwapo ameuelekeza moyo wake; asipouelekeza, hajatimiza. Na aliyesikia mwangwi wa pembe iliyopulizwa shimoni, naye hajatimiza. Kwa msingi huohuo, marabi wengi wa zama zetu wanasema mlio wa spika hauhesabiki.

Nilimwomba fundi mitambo azime maikrofoni wakati wa shofa. Alidhani natania. Siku hizi wa nyuma husogea mbele, na wanaozungumza hunyamaza, maana wasiponyamaza hawataipata.

5. Pembe ina siku zake za kukaa kimya

Wengi wao huipuliza asubuhi katika mwezi wa Eluli, unaotangulia mwaka mpya, isipokuwa Sabato, ili watu wajiandae. Maimonides, mwanazuoni wa karne ya 12, aliielewa kama mwito wa kuwaamsha waliolala wayapime matendo yao. Lakini mwaka mpya ukiangukia Jumamosi, kama ilivyokuwa tarehe 16 Septemba 2023, sinagogi nyingi haziipulizi siku hiyo. Wahenga wao walihofu mtu asije akaibeba njiani kwenda kwa mjuzi wa kuipuliza na kuvunja Sabato. Sisi tunaipuliza kila wiki, kisha tunashangaa kwamba hakuna anayeshtuka.

6. Wenyewe si wa mbali

Karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, ambao kiongozi wao Semei Kakungulu aliingia katika dini ya Kiyahudi mwaka 1919. Idi Amin aliipiga marufuku ibada yao, nao wakaishika kwa siri. Nairobi kuna jumuiya ya Kiyahudi tangu 1904. Kwa hiyo tunapoishika pembe hii, tunashika kitu cha majirani wanaokitumia hadi leo, si masalio ya watu wa kale.

Ndiyo maana nimejiwekea mpaka. Mchungaji akiniita, napuliza tekia, ile moja iliyonyooka. Terua nawaachia wenyewe, wanaojua ni kilio cha nani.