Rushwa Kazini Huingia kwa Mlango Gani?

Wasomaji wetu wengi huishi kwa kazi ya mshahara. Wamo makarani, walimu, wauguzi, madereva na watunza ghala. Hapana hata mmoja kati yao asiyesikia habari za rushwa, na wengi wameilaani. Lakini kuilaani rushwa ni neno moja, na kuujua mlango inamopitia ni neno jingine. Leo yafaa tujifunze habari za mlango huo.

Husemwa kwamba rushwa hutokana na tamaa. Ndivyo, lakini tamaa isiyopata nafasi haifiki mbali. Nayo nafasi hupatikana pale mtu mmoja alipoachiwa shughuli yote, tangu mwanzo hata mwisho, pasipo jicho la pili.

Tutazame mambo yaliyotukia Tanzania mwaka 2016. Serikali ilihakiki orodha za mishahara, ikatangaza kwamba imegundua watumishi hewa zaidi ya 10,000, yaani majina yaliyolipwa pasipo mtu wa kuifanya kazi. Marehemu hawezi kujiandikisha. Jina lake likibaki katika orodha, yupo aliye hai ambaye hakuliondoa, ama kwa uzembe ama kwa hila, na hapana mwingine aliyepita kuwahesabu watu.

Basi, dawa ya kwanza ni kugawa kazi. Aagizaye bidhaa asiwe ndiye azipokeaye, na azipokeaye asiwe ndiye azilipiaye. Hati ikitaja mifuko 100 ya saruji, na ghalani ikashushwa 90, mpokeaji asiyefungwa na mtu ataandika 90. Lakini kama mwagizaji, mpokeaji na mlipaji ni mtu yule yule, mifuko 10 itapotea kimya kimya. Dawa ya pili ni maandishi: kila fedha iwe na stakabadhi yake. Dawa ya tatu ni kuhesabu kwa ghafula, siku ambayo haikutangazwa. Mtu mwaminifu asidhani kwamba anadharauliwa. Hesabu hiyo ndiyo ngao yake siku atakaposingiziwa.

Je, ikiwa tuhuma imekwisha kuzuka? Hapa wengi hukosea. Wengine hunyamaza kwa hofu. Wengine hulitangaza jina la mwenzao sokoni. Njia zote mbili ni mbaya. Kunyamaza humwachia mkosaji nafasi, na kutangaza humwonya mapema apate kuchoma karatasi. Tena huenda aliyetajwa hana hatia, na jina jema likiharibiwa halirudi upesi.

Yampasa aliyeona aandike aliyoyaona kwa macho yake, pamoja na siku na saa, wala asiyachanganye na aliyoyasikia. Hati zihifadhiwe kama zilivyo. Habari ipelekwe kwa mkuu asiyehusika na shauri lile, au kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, yaani TAKUKURU, ambayo simu yake ya bure ni 113. Sheria ya mwaka 2007 iliyoiunda humhesabu mtoaji kuwa mkosaji pamoja na mpokeaji, na rushwa ya ngono imo pia. Mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Naye mtuhumiwa asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na achunguzaye asiwe rafiki yake wala adui yake.

Neno letu la mwisho ni kwa jamaa za nyumbani. Mara nyingi tamaa haianzi kwa karani, huanzia kwa ndugu zake. Mtu humwendea mjomba aliye ofisini, akamwomba ampitishe kijana wake mbele ya wengine, akisema ni msaada tu. Lakini kwa ajili ya msaada huo kijana mwingine, mwenye sifa zote, hurudi kwao mikono mitupu. Tena wazazi wasifurahie tu mtoto wao aletapo vitu vizuri kupita mshahara wake. Wamwulize fedha imetoka wapi. Nyumba isiyoona haya kuuliza swali hilo humlinda mtumishi kuliko kufuli la ghala.