Kila safu na maana yake: tusome pamoja programu inayotunza tablo za koperative

Somo hili ni la masekretere, wapima mizani na vijana wanaoshika ordinatere katika koperative za Kasongo na Kabambare. Maprezida na wanachama wengine pia wasiliruke, maana kilo zinazozungumzwa hapa ni zenu.

Namba tupu haisemi kitu

Tuseme depo mbili zimetuma hesabu ya mavuno. Ya Kabambare inasema 12. Ya Kasongo inasema 640. Ordinatere inajumlisha na kutoa 652. Kujumlisha ni sawa, lakini jibu ni la uongo. Sekretere wa Kabambare alihesabu magunia ya kilo 50, mwenzake wa Kasongo alipima kilo. Mpunga wa kweli ni kilo 1240. Mnunuzi akileta gari la kubeba kilo 652, karibu nusu ya mpunga inabaki depo, na njia ya Kabambare wakati wa mvua mnaijua wenyewe.

Tena, zile kilo 640 ni za mpunga wenye maganda ao za mchele? Kilo 100 za mpunga zinatoa kama kilo 60 hadi 65 za mchele kwenye masini nzuri, na chini ya hapo kwenye masini iliyochoka. Anayeuza mchele kwa bei ya mpunga anapoteza jasho la musimu mzima juu ya neno moja tu ambalo halikuandikwa.

Jambo hili halitupati sisi peke yetu. Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya abiria huko Kanada iliishiwa mafuta ikiwa angani, kwa sababu uzito wa mafuta ulihesabiwa kwa ratili badala ya kilo. Marubani waliitelemsha bila injini mahali panapoitwa Gimli, na hakuna aliyekufa. Namba ilikuwepo kwenye karatasi. Kilichopotea ni kipimo chake.

Maelezo ya tablo ni nini?

Kwenye kaye ya mavuno, sekretere anachora mistari kwa rula na kuandika juu ya kila safu (kolone): jina, tarehe, uzito. Mengine anayashika kichwani: hapa tunaandika kilo, hapa mpunga mkavu tu. Siku sekretere anabadilishwa, ile ya kichwani inaondoka naye.

Ordinatere haina kichwa cha namna hiyo. Lazima iandikiwe yote: kila safu inaitwaje, inapokea maandishi ao namba ao tarehe, kipimo chake ni nini, na kama inaruhusiwa kubaki tupu. Hayo ndiyo maelezo ya tablo. Njia moja nzuri ya kuyahifadhi ni faili ya JSON. Ni namna ya kuandika data kwa maandishi ya kawaida, iliyoenezwa na Douglas Crockford, Mmarekani, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uzuri wake ni kwamba masini inaisoma, na mtu pia anaisoma, hata akiichapisha kwenye karatasi. Tazameni:

{
  "toleo": 3,
  "tablo": "mavuno",
  "safu": [
    {"jina": "mwanachama", "aina": "maandishi", "lazima": true},
    {"jina": "tarehe", "aina": "tarehe", "lazima": true},
    {"jina": "uzito", "aina": "namba", "kipimo": "kilo", "hali": "mpunga mkavu", "lazima": true},
    {"jina": "unyevu", "aina": "namba", "kipimo": "asilimia", "lazima": false}
  ]
}

Hata asiyejua programu anaweza kuona kwamba uzito ni kilo za mpunga mkavu.

Tulivyoipitia programu

Programu ndogo inayosoma na kuhifadhi faili hii imeandikwa kwa Python, lugha ya programu iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991. Tulikaa na kijana aliyeiandika, tukaisoma mstari kwa mstari. Kupitia programu ya mwenzako ni kama kupitia shamba la mbegu. Huendi kumtukana mwenye shamba. Unatafuta miche ya aina nyingine na kuing'oa kabla haijachanganya mbegu ya wote. Haya ndiyo tuliyoyaona.

*1. Programu isidhani.* Mstari uliotusimamisha zaidi ulikuwa huu:

kipimo = safu.get("kipimo", "kilo")

Maana yake: tafuta kipimo cha safu, na kama hakipo, chukua kwamba ni kilo. Aliyeandika alitaka kusaidia, programu isikwame. Lakini ndiyo mlango ambao magunia 12 yanapita na kuwa kilo 12, bila mtu yeyote kuambiwa. Tulikubaliana ubadilishwe: safu ya uzito ikikosa kipimo, programu isimame na kusema wazi ni faili gani na safu gani. Vilevile ikikuta aina isiyoijua, kwa mfano "nanba" badala ya "namba", isiigeuze kuwa maandishi kimya kimya. Afazali sekretere akasirike asubuhi moja kuliko wanachama wakasirike siku ya malipo.

*2. Namba ya mwanachama si ya kujumlisha.* Mwanachama 007 akiwekwa kwenye safu ya aina ya namba, anatoka akiwa 7. Kwenye kadi yake imeandikwa 007, basi wakimtafuta hawamuoni. Namba za kadi na za simu ziwe aina ya maandishi. Kitu ambacho hutakijumlisha hata siku moja, usikiite namba.

*3. Koma na nukta.* Sisi tumesoma kwa Kifaransa: tunaandika unyevu 13,5 na uzito 1.200. Python inatumia nukta kwa sehemu ya kumi. Ikipewa 13,5 inakataa, na hiyo ni heri. Ikipewa 1.200 inakubali na kuelewa kilo moja na gramu 200. Hiyo ni hatari kubwa, juu hakuna alama ya kosa inayotokea. Sheria yetu iwe: kwenye ordinatere andika 1200, bila nukta na bila nafasi. Programu nayo iweke mpaka kwa kila safu. Mtu akileta mpunga chini ya kilo 5, iulize kwanza.

*4. Tarehe.* JSON haina aina ya tarehe. Python ikiambiwa kuhifadhi tarehe ndani ya JSON, inakataa. Kijana wetu alikuwa ameongeza default=str ili inyamaze. Tarehe inahifadhiwa kama maandishi, sawa, lakini ikisomwa tena inabaki maandishi. Kazi ya safu yenye aina "tarehe" ni kuikumbusha programu iigeuze tena kuwa tarehe ya kweli, kwa date.fromisoformat. Tuandike mwaka, mwezi, siku: 2024-04-03. Ukiandika 03/04 tu, mmoja atasoma tarehe tatu mwezi wa ine, mwingine tarehe ine mwezi wa tatu.

*5. Tupu si sifuri.* Unyevu usiopimwa si unyevu wa sifuri. Mpunga wa kuweka depo unapaswa kuwa na unyevu wa asilimia 14 ao chini. Programu ikijaza 0 pale ambapo hakuna kipimo, kila gunia ambalo halikupimwa litaonekana kavu sana, na kuvu itaanza kula kabla ya mtu kushtuka. JSON ina neno lake kwa kitu kisichopo: null. Litumike hilo.

*6. Umeme ukikatika.* Hili linatuhusu sana, sisi wa paneli za jua na jenereta. Programu ikifungua faili kwa "w" ili kuandika, inafuta kwanza yote yaliyokuwemo. Umeme ukikatika pale katikati, ya zamani imepotea na mpya haijaandikwa. Dawa ni kuandika pembeni kwanza, kisha kubadilisha mara moja:

def hifadhi(maelezo, jina):
    muda = jina + ".muda"
    with open(muda, "w", encoding="utf-8") as f:
        json.dump(maelezo, f, ensure_ascii=False, indent=2)
        f.flush()
        os.fsync(f.fileno())
    os.replace(muda, jina)

Hapo juu ya faili muwe mmeandika import json, os. Mistari miwili ya flush na fsync inahakikisha maneno yamefika kwenye diski. os.replace inaweka faili mpya mahali pa ya zamani kwa mara moja. Umeme ukikatika kabla ya hapo, ya zamani bado iko nzima. Ni kama mbegu: huli ya zamani mpaka mpya imekauka na kuingia gunia.

Neno encoding="utf-8" linalinda herufi za Kifaransa zenye alama, kama é na ç. Liwekwe wakati wa kuandika na wakati wa kusoma pia. Likikosa, ordinatere mbili tofauti zinaweza kusoma jina moja kwa namna mbili.

Jaribio la kwenda na kurudi

Namna gani kujua kama programu inashika kweli? Hifadhi maelezo, yasome tena, kisha linganisha: yaliyorudi ni sawasawa na yaliyokwenda? Ni kupima gunia likiingia depo na kulipima tena likitoka.

Sisi tulipofanya hivyo, vitu viwili havikurudi sawa. Kwanza, safu zilikuwa zimepangwa kwa namba, 1, 2, 3. JSON inageuza kila jina la aina hiyo kuwa maandishi, kwa hiyo 1 inarudi ikiwa "1", na programu ikitafuta 1 haioni kitu. Pili, orodha ambayo Python inaandika kwa mabano ya mviringo ilirudi ikiwa na mabano ya mraba, na kwa Python hizo mbili si sawa. Tulichagua kutumia orodha ya mabano ya mraba na majina ya maandishi toka mwanzo. Baada ya hapo kila kitu kilirudi sawasawa. Jaribio hili linachukua dakika chache. Lirudiwe kila mara programu inapoguswa.

Mkibadilisha safu

Koperative inakua. Leo mnaandika kilo, kesho mnaongeza aina ya mbegu, NERICA 4 ao IRAT 112. Ni vizuri. Lakini mkibadilisha maelezo, mfuate haya:

- Pandisheni namba ya "toleo", na mwandike kwenye kaye ya kamati tarehe na jina la aliyebadilisha.
- Msifute maelezo ya zamani. Mavuno ya mwaka jana yanasomwa kwa maelezo ya mwaka jana.
- Msibadilishe maana ya safu huku jina likibaki lilelile. Kama "uzito" ulikuwa wa mpunga na sasa ni wa mchele, fungueni safu mpya.
- Aina ya mbegu iwe na orodha ya majina yanayokubaliwa. Bila orodha, NERICA 4 itaandikwa pia Nerika, N4 na nerica-4, na ordinatere itaona mbegu ine.

Kazi ya nyumbani kwa kila koperative

Hii haiombi ordinatere. Mkutano ujao, fungueni kaye ya mavuno, na kwa kila safu mjibu pamoja:

1. Tunaandika nini hapa, na kwa kipimo gani? Gunia letu ni la kilo ngapi?
2. Ni mpunga ao mchele? Mkavu ao mbichi?
3. Ikibaki tupu, maana yake nini?
4. Mtu mgeni akisoma safu hii bila sekretere kuwepo, ataelewa sawa na sisi?

Majibu myaandike kwenye karatasi moja, mwenyekiti na mpima mizani waweke saini, na karatasi ibandikwe ukutani karibu na mizani. Depo zenye ordinatere zichapishe faili yao ya JSON na kuilinganisha na karatasi hiyo, safu kwa safu. Pale zinapotofautiana, msikimbilie kurekebisha ordinatere. Muulizane kwanza ni ipi inayofuata mizani.

Mama mkulima akiuliza, "Nilileta magunia kumi, mbona karatasi inasema kilo kumi?", sekretere aweze kumuonyesha kwa kidole, kwenye kaye, ukutani na kwenye ordinatere, neno lilelile: kilo, mpunga mkavu.