Kufunga Nchi au Kutofunga: Maswali Matatu ya Kutenganisha Mdahaloni

Mdahalo wa chuo ukigusa tu UVIKO-19, ukumbi unagawanyika: Timu Tanzania huku, Timu Kenya kule. Wa kwanza wanasema, "Hatukufungiwa ndani na tupo." Wa pili wanajibu, "Mlificha wagonjwa." Makofi, kelele, tunaondoka vile vile tulivyokuja. Naona shida ni kwamba tunajibu maswali matatu kwa mkupuo. Hebu tuyatenganishe.

Swali la kwanza: kilifanyika nini? Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza 13 Machi 2020. Kuanzia 27 Machi ikaweka amri ya kutotoka nje usiku, iliyoondolewa 20 Oktoba 2021. Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza 16 Machi 2020. Shule na vyuo vilifungwa, vyuo vikafunguliwa 1 Juni. Masoko na nyumba za ibada ziliendelea. Kwa hiyo si kweli kwamba Tanzania haikufanya kitu, wala kwamba Kenya ilifunga kila kitu. Anayeanza kwa kutia chumvi keshajiharibia hoja.

Swali la pili: nani alibeba mzigo? Hili halijibiwi maabara. Mama ntilie anayekula alichouza leo hawezi kukaa ndani wiki mbili bila msaada, kwa hiyo hoja ya kutofunga ilikuwa na uzito wake. Lakini mzee mwenye kisukari naye alibeba mzigo pale ugonjwa ulipoachwa uzunguke. Na Kenya je? Amri ilisimamiwa kwa virungu, mpaka Rais Uhuru Kenyatta akaomba radhi siku chache tu baada ya kuanza. Sera hata iwe nzuri kwenye karatasi, uliza inamfikiaje mtu wa chini.

Swali la tatu ndilo tunalolisahau: tutajuaje kama tumekosea? Mwanzoni mwa Mei 2020, Rais Magufuli alitilia shaka vipimo, akisema sampuli za mbuzi na papai zilionyesha maambukizi. Kuhoji kipimo si dhambi, wanasayansi wanafanya hivyo kila siku. Ila kipimo kibovu dawa yake ni kipimo bora. Badala yake takwimu zilisimama, na kwa zaidi ya mwaka hesabu ya Tanzania kwenye Shirika la Afya Duniani ikabaki wagonjwa 509 na vifo 21.

Msimamo wangu ni huu. Kufunga au kutofunga ni uamuzi ambao watu wenye akili zao wanaweza kutofautiana. Kunyamazisha takwimu ni jambo jingine kabisa, maana kunaondoa mizani yenyewe. Hata Timu Tanzania imeumizwa: anayesema sera ilifaulu hana namba ya kusimamia, sawa na anayesema ilishindwa. Mwaka 2021 kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia Suluhu Hassan ilishauri takwimu zitolewe, na 28 Julai chanjo ikazinduliwa. Lakini miezi ile ya ukimya hairudi.

Zoezi kwa wana-mdahalo: chukueni sera moja ya serikali inayowagusa, mikopo kwa mfano. Andikeni kilichofanyika, nani anabeba mzigo, na namba ipi ingewafanya mbadili msimamo. Ukikosa jibu la swali la tatu, bado hujawa na hoja, una upande tu.