Sungura Wachanga Waangukao Kifafa

Sungura mnayemjua katika hadithi, yule mjanja aliyewashinda fisi na simba, siye sungura tutakayesoma habari zake leo. Yule ni mnyama wa porini. Huzaliwa na manyoya yake, macho yamefumbuka, na baada ya muda mfupi aweza kurukaruka. Sungura wa kufugwa asili yake ni Ulaya, na watoto wake huzaliwa uchi, hawaoni, wala hawana nguvu za kusimama. Macho yao hufumbuka yapata siku ya 10. Kwa kuwa huanza maisha katika udhaifu huu, wengi hufa kabla ya kutimiza miezi minne, na mara nyingi mwenye kuwafuga hajui waliuawa na nini.

Katika nchi ya Bukoba na Muleba kibanda cha sungura huwekwa kando ya nyumba, ndani ya kibanja, chini ya migomba na mibuni. Mahali hapo pana kivuli, na majani ya kuwalisha hayako mbali. Walakini nchi ile ni ya mvua. Mji wa Bukoba, ulio ukingoni mwa Ziwa Viktoria, hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na masika ndiyo yaletayo nyingi kuliko yote. Likumbukeni jambo hili la mvua, maana tutalirudia.

Mvulana mmoja wa upande wa Muleba alikuwa na sungura jike mwenye watoto sita. Kibanda chao kilikuwa cha mbao, na sakafu yake ilikuwa mbao tupu zilizotandikwa nyasi za rweya. Watoto walipokuwa wa majuma saba, asubuhi moja ya masika, alimkuta mmoja amelala ubavu, shingo imepindika nyuma, miguu ikipiga hewani kama anayekimbia. Meno yalikuwa yakisagana. Mara akatulia, akahema kwa nguvu, akasimama akiyumba kama mlevi.

Bibi mmoja jirani alipoona hayo alisema, “Hiki ni kifafa. Msiguse mate yake, kitawaingia ninyi.” Mama wa mtoto akaogopa, akaagiza kibanda kichomwe moto jioni ile, na sungura wote ndani yake. Mvulana hakubisha, maana si desturi kumbishia mama. Lakini alimtia mgonjwa kikapuni, akaenda naye shuleni mbio.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Kikapuni mna nini?”

Mwalimu akatazama, wala hakusema neno la dawa kwanza. Alianza kuuliza. Je, mnyama ameanguka mara ngapi? Kila mara huchukua muda gani? Jana alikula nini, na majani yalichumwa wapi? Kuna mtu aliyempaka au kumnyunyizia dawa yo yote? Mavi yake ni magumu au yanatiririka? Ndugu zake wa hali gani? Mvulana aliweza kujibu mawili tu. Mwalimu akasema, “Basi rudi ukatazame, kisha tutajua la kufanya. Mwambie mama namwomba asichome kitu mpaka nifike.”

Nasi tufuate njia ya mwalimu huyo, kwa sababu kuanguka si ugonjwa mmoja. Kuanguka ni alama, kama moshi ulivyo alama ya moto. Kwanza hatuna budi kuutafuta moto wenyewe uko wapi.

Tena si kila mtikisiko ni kifafa. Watoto wa sungura walio katika kiota hushtukashtuka usingizini, na huo ni uzima. Sungura aliyeshiba na kufurahi hurusha miguu, akajipinda hewani, akatua, akala tena. Huo ni mchezo wake. Na ye yote anayekata roho, hata akiwa amekufa kwa ugonjwa mwingine kabisa, aweza kurusha miguu mwishoni. Mwenye kifafa hujulikana hivi: haoni wala hasikii wakati ule, mwili hukakamaa au hutukutika, na baadaye hubaki amelegea na kupotewa.

Sasa tuitazame mioto yenyewe. Wa kwanza ni jua. Sungura hatoki jasho. Joto lake hulitoa zaidi kwa masikio yale makubwa. Akiwekwa katika sanduku la bati adhuhuri, hata katika nchi isiyo na joto kali kama Bukoba, mwili wake huchemka, akahema, akaanguka, akafa. Huyo apelekwe kivulini, masikio yake yalowanishwe kwa maji ya baridi kiasi, wala asitumbukizwe majini.

Wa pili ni sumu. Jueni kwamba sungura hawezi kutapika. Mbwa akila kibaya hukitoa. Sungura akikimeza kimekaa. Majani ya muhogo mchungu yaliyochumwa sasa hivi yana sumu iwezayo kumwangusha na kumwua upesi. Majani yaliyonyunyiziwa dawa ya wadudu, kama ya nyanya au ya kabichi, ni hatari vile vile. Nami nimewaona watu wenye nia njema wakichukua dawa ya kuogeshea ng’ombe, wakampaka mtoto wa sungura ili kumwondolea viroboto. Mnyama wa nusu kilo akapewa dawa iliyopimwa kwa ng’ombe. Iko dawa nyingine ya viroboto vya mbwa, iitwayo fiproni, ambayo kwa mbwa haina neno, bali kwa sungura huleta kifafa, hasa kwa wachanga.

Wa tatu ni kidudu cha ubongo. Huko Marekani mwaka 1922, mabwana wawili, Wright na Craighead, walieleza habari za sungura wachanga waliopooza na kutukutika, wakaonyesha vidudu vidogo mno ndani ya ubongo na mafigo yao. Mwaka uliofuata Levaditi na wenzake, waliokuwa Ufaransa, walivipa jina, Encephalitozoon cuniculi. Vidudu hivi hutoka pamoja na mkojo, hukaa penye unyevu kwa majuma kadhaa, na mama aweza kumpa mtoto wake tangu tumboni. Sungura wengi wanavyo miaka mingi bila dalili yo yote. Wengine huinamisha kichwa upande mmoja, hujiviringisha kama pipa, huburuta miguu ya nyuma, au jicho moja huingia ukungu mweupe. Na baadhi yao huanguka kifafa. Mganga wa wanyama huwapa dawa ya minyoo iitwayo fenibendazoli kila siku kwa siku 28. Wako wanaopona, nao hubaki na kichwa kilichoinama, wakaishi hivyo na kula vizuri. Mwanadamu mzima mwenye afya si rahisi kudhurika na vidudu hivi, lakini mtu ambaye kinga ya mwili wake imedhoofika aweza kuugua. Kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kila baada ya kusafisha kibanda, na kibanda kimwagiwe maji yanayochemka.

Moto wa nne ndio ule wa mvua niliowaambia. Ni ugonjwa wa koksidia. Hivi navyo ni vidudu, hukaa katika matumbo na katika ini. Mayai yake hutoka na mavi. Yakitoka hayana nguvu bado. Lakini yakipata joto kidogo na unyevu kwa siku mbili tatu huiva, ndipo yawezapo kumwambukiza mwingine ayalaye pamoja na nyasi. Mnaona basi jinsi masika ya Bukoba yanavyoyalea. Sungura mkubwa huyachukua bila kuugua sana. Mtoto aliyeachishwa maziwa karibuni ndiye auaye nayo. Tumbo hujaa, hukonda mgongo, huharisha, na siku za mwisho aweza kukakamaa na kutukutika. Si jambo geni: mwaka 1674 Mholanzi mmoja muuza vitambaa, Antonie van Leeuwenhoek, alitazama nyongo ya sungura kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe, akaona vitu vidogo vya mviringo kama yai. Wataalamu huamini ya kuwa ndiyo mayai hayo.

Turudi Muleba. Mvulana alipokwisha kutazama vema alileta majibu: hakuna aliyepaka dawa, majani ni ya viazi, yamechumwa yamelowa umande, yakatupwa sakafuni juu ya mavi, ndugu wawili wanaharisha. Mchana ule mgonjwa akaanguka tena mbele ya darasa zima. Watoto wawili wakamrukia ili wamkandamize. Mwalimu akawazuia kwa sauti kali, na hapa ndipo penye somo la mikono.

Sungura anayetukutika hashikwi kwa nguvu. Miguu yake ya nyuma ina nguvu nyingi kuliko mifupa yake ya mgongo. Akishindana na mikono ya mtu huvunja uti wake mwenyewe. Mweke chini, asiwe juu ya meza, juu ya gunia lililokunjwa. Ondoa bakuli la maji asije akatumbukiza pua. Funika kikapu kwa kanga ili pawe na giza, nyamazisheni kelele, fukuzeni mbwa. Usimtie kitu kinywani, si kijiko, si maji, si dawa. Hawezi kumeza, yataingia mapafuni. Hesabu polepole upate kujua muda wake. Akizinduka, mpe joto ikiwa mwili ni wa baridi, kisha maji na nyasi mbichi. Sungura akikaa siku nzima bila kula, matumbo yake husimama, na hilo peke yake laweza kumwua.

Mnyama yule alikufa usiku. Asubuhi bwana mifugo wa kata alikuja akampasua mbele ya mvulana na mama yake, akawaonyesha ini: lilikuwa limevimba, limejaa madoa meupe kama punje za mtama. “Mama,” akasema, “hii ni koksidia. Hiki si kifafa cha watu, wala hakitamwingia mtoto wako.” Akatoa dawa ya salfa ya kutia katika maji ya kunywa, akaipima kwa uzito wa wale waliosalia. Maiti ikazikwa chini sana mbali na kibanda. Haikuliwa wala mbwa hawakupewa.

Lakini neno la bibi jirani lilikuwa limekwisha kufika shuleni. Katika darasa la tano alikuwako msichana mwenye kifafa kweli, naye tangu siku ile watoto walikataa kuketi naye benchi moja. Mwalimu aliwaeleza wazi. Kifafa cha mtu hutoka katika ubongo wake. Mate wala povu haliambukizi. Akawasimulia habari za Mahenge, kusini mwa nchi yetu, ambako yapata mwaka 1960 daktari mwanamke mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, aliwaanzishia kliniki watu wenye kifafa. Aliwakuta wenye makovu makubwa, kwa kuwa walianguka motoni na jamaa zao waliogopa kuwagusa ili kuwatoa. Wengi wao, walipopewa dawa kila siku, waliacha kuanguka au walianguka mara chache. Mtu akianguka, alisema mwalimu, aondolewe penye moto na maji, alazwe ubavu, wala asitiwe kitu kinywani. Na mtoto mdogo mwenye homa akishikwa na degedege apelekwe hospitali mara moja, kwa maana yamkini ni malaria.

Kisha hakuwaamuru lo lote. Alikwenda akaketi yeye mwenyewe katika benchi la yule msichana, akasahihisha madaftari ya hesabu hapo hapo mpaka kengele ikalia.

Kibanda hakikuchomwa. Mama yake mvulana ndiye aliyetafuta fito, wakakiinua juu ya miguu minne, wakaondoa mbao za sakafu na kuweka fito zilizoachana kidogo, mavi yakapita na kuanguka chini. Hori la majani likatundikwa ukutani. Mvulana akapewa kazi ya kufagia kila siku kabla ya kwenda shule, maana yai la koksidia likiondolewa leo halipati nafasi ya kuiva kesho kutwa. Majani ya umande huanikwa kwanza juu ya paa.

Katika wale watoto watano, mmoja zaidi alikufa siku ya tatu. Wanne walisalia, na mwezi wa Julai mama aliuza wawili katika soko la Muleba, akanunua kalamu na daftari. Jike mmoja mvulana alimpa yule msichana wa darasa la tano, pamoja na fito za kibanda.