SOMO LA AFYA: SI KILA KIPELE NI CHUNUSI



Msimu wa joto unapofika, wananchi wengi hutokwa na vipele vidogo mgongoni, kifuani na kwenye paji la uso. Wengi huviita chunusi na kwenda moja kwa moja duka la dawa kununua antibayotiki. Wapo wanaopona, lakini wapo pia ambao vipele huongezeka kila wanapotumia dawa hizo. Somo hili linaeleza sababu.

Kuvu waishio juu ya ngozi

Ngozi ya kila mtu mzima ina kuvu wa chembe moja moja, mfano wa hamira ya maandazi, wasioonekana kwa macho. Huitwa Malasezia, kwa jina la Louis-Charles Malassez, mtaalamu wa Ufaransa aliyewaeleza mwaka 1874. Kuwa nao si uchafu wala si aibu. Chakula chao ni mafuta ya ngozi. Kwa hiyo hupenda kichwani, usoni, kifuani na mgongoni. Hao ndio wanaohusishwa pia na mba wa kichwani.

Kwa kawaida kuvu hawa hawadhuru. Hata hivyo, wakizaliana kupita kiasi ndani ya vitundu vya vinyweleo, ngozi huvimba na kuwasha. Yanayowapa nafasi ni jasho, nguo zinazobana, mafuta mazito ya kupaka, kinga ya mwili iliyopungua, krimu zenye steroidi, ikiwemo baadhi ya mikorogo, na antibayotiki zenyewe. Antibayotiki huua bakteria wanaoshindana na kuvu, lakini kuvu haziwadhuru.

Namna ya kutofautisha

1. Chunusi: vipele vya ukubwa tofauti, vyenye vichwa vyeusi au vyeupe, hasa usoni. Hutokana na vitundu kuzibwa na mafuta na ngozi iliyokufa, pamoja na kazi ya bakteria.

2. Vipele vya kuvu: vidogo, vinavyolingana, havina vichwa vyeusi, na huwasha sana, hasa baada ya kutoka jasho.

3. Vipele vya bakteria: huwa na usaha na maumivu, mara nyingi baada ya kunyoa.

Mtu mmoja aweza kuwa na aina mbili kwa pamoja. Ndiyo maana mhudumu wa afya, penye shaka, huchukua ukwangwa mdogo wa ngozi ili upimwe kwa hadubini.

Tiba na kinga

Vipele vya kuvu hutibiwa kwa dawa za kuvu, kama vile shampuu ya ketokonazoli inayopakwa penye vipele, ikaachwa dakika chache, kisha ikasuuzwa. Vidonge vitumike kwa maelekezo ya mganga tu, kwa kuwa baadhi yake huweza kudhuru ini. Vipele hivi hurejea kwa urahisi. Hivyo oga upesi baada ya kazi za jasho, vaa nguo za pamba zisizobana, na usitumbue vipele, kwani makovu hudumu.

Vipele vikizidi majuma kadhaa, au vikiongezeka ukiwa kwenye dawa, fika zahanati iliyo karibu nawe. Chukua dawa na vipodozi vyote unavyotumia ili mhudumu avione, hata vile unavyoona haya kuvitaja. Huenda chanzo cha vipele kimo humo.