Je, Kizuri Chajiuza?



Zamani nilipokuwa mwanafunzi wa shule hii tulifundishwa methali isemayo, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Tuliiandika madaftarini, tukaulizwa maana yake katika mtihani, nami nikaishika kama sheria. Leo nataka tuipime methali hiyo pamoja, kwa kufuata habari za wapiga muziki wanne wa mji wa Memphis, Marekani, na sahani yao ya santuri iliyotolewa mwaka 1972. Lakini kwanza yanipasa nieleze kosa langu mwenyewe, kwa maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka 1989 palikuwa na rafiki yangu bwenini, hodari sana wa kupiga gita. Alitunga nyimbo nane, tukazirekodi, tukatoa kaseti 40. Yeye alikuwa mtunzi, na mimi nikachaguliwa kuwa mwuzaji. Muhula ulipokwisha zilikuwa zimeuzwa kaseti 6 tu. Aliponiuliza sababu, nilimjibu kwa methali ile: "Ndugu yangu, kizuri chajiuza." Hakunijibu neno. Muhula uliofuata alirudi shuleni bila gita.

Basi sasa na tuziangalie habari za Memphis.

Kundi lile liliitwa Big Star, maana yake Nyota Kubwa. Jina hilo walilitoa kwenye duka la vyakula lililokuwa karibu na studio yao. Chris Bell na Alex Chilton walikuwa wapiga gita, watunzi na waimbaji. Andy Hummel alipiga gita la besi. Na Jody Stephens alipiga ngoma. Wote walikuwa vijana wa miaka ishirini hivi. Chilton alikuwa amekwisha kuonja sifa, kwa sababu mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 16, aliimba wimbo uitwao The Letter pamoja na kundi la Box Tops, na wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa majuma manne. Bell hakujulikana nje ya mji wake, lakini alikuwa na sikio kali, na kazi ya kurekodi alijifunza katika studio ya Ardent, iliyokuwa mali ya John Fry.

Sahani yao ya kwanza waliiita #1 Record. Jina hilo lina mzaha kidogo: ni sahani yao namba moja, na tena ni kama kusema kwamba itakuwa namba moja sokoni. Ina nyimbo 12. Mtu akiisikiliza hukosi kumwona anatambua kwamba vijana hawa waliwapenda sana Beatles wa Uingereza. Nyimbo zao ni fupi, sauti zao zapatana vizuri, na magita yalia wazi kama kengele. Nyingine zina nguvu na haraka. Nyingine ni za upole kabisa. Wimbo uitwao Thirteen hauna ngoma hata kidogo. Ni magita na sauti ya kijana mwenye haya, anayezungumza na msichana. Siku zile makundi mengi yalipenda nyimbo ndefu zenye makelele, kwa hiyo sahani hii ilikuwa kitu cha peke yake. Waandishi wa magazeti ya muziki walioipata waliisifu sana.

Je, iliuzwa? La. Siku zile za kwanza hazikuuzwa hata sahani 10,000, na kwa nchi kubwa kama Marekani hiyo ni hesabu ndogo mno.

Hapa ndipo somo letu linapoanza. Ili sahani imfikie msikilizaji, haitoshi kuimba vizuri. Studio hurekodi, kiwanda huchapa, kisha kampuni huipeleka kwa mawakala, mawakala huwapelekea wenye maduka, na mwenye duka huiweka mahali ambapo mnunuzi ataiona. Kiungo kimoja kikikatika, mnyororo wote ni bure. Kazi ya kuisambaza #1 Record ilikuwa mikononi mwa kampuni ya Stax ya Memphis. Stax ilikuwa na jina kubwa kwa nyimbo za waimbaji weusi wa Marekani, kama Otis Redding, walakini haikuwa na uzoefu wa kuuza muziki wa namna hii. Mwaka ule ule wa 1972 Stax ilipatana na kampuni kubwa ya Columbia ili hiyo ndiyo isambaze sahani zake. Columbia haikutaka kufanya kazi na mawakala wadogo wa zamani, na hata sahani zilizokuwa zimekwisha kufika madukani ziliondolewa. Basi fikirini: kijana anausikia wimbo katika redio, anakwenda dukani na fedha yake mkononi, anaambiwa, "Hakuna." Sahani haikukataliwa na wanunuzi. Haikuwekwa mbele yao.

Bell aliumia moyo, na kabla mwaka ule haujaisha alijitoa katika kundi. Watatu waliobaki wakaendelea. Mwezi wa Mei 1973 walipiga muziki Memphis mbele ya mkutano wa waandishi wa habari za muziki, na waandishi wale walirudi makwao wakilitaja jina la Big Star. Mwaka 1974 walitoa sahani ya pili, Radio City, nayo ikakwama njiani kama ya kwanza. Ziliuzwa kama 20,000. Ya tatu waliirekodi mwaka ule ule wa 1974, lakini haikutolewa mpaka 1978. Stax yenyewe ilifilisika mwaka 1975. Baadaye Chilton, yule aliyekuwa namba moja akiwa na miaka 16, alifanya kazi ya kuosha vyombo katika hoteli ya kula mjini New Orleans.

Lakini sahani zile chache hazikufa. Aliyekuwa nayo alimwazima mwenziwe, na mwenziwe akamrekodia mwingine. Mwaka 1978 sahani mbili za kwanza zilitolewa tena Uingereza. Katika miaka ya 1980 vijana wengi wa Marekani walianzisha makundi yaliyopigwa sana katika redio za vyuo vikuu, na muziki wao ukaitwa roki mbadala, kwa kuwa haukufuata desturi ya soko. Wengi wao walikuwa wamejifunza kwa Big Star. Kundi la R.E.M. lilisema hivyo waziwazi. Bangles waliuimba wimbo wa September Gurls, wa sahani ile ya pili, katika albamu yao ya mwaka 1986. Mwaka 1987 kundi la Replacements lilitoa wimbo ambao jina lake ni Alex Chilton. Mwaka 1993 Chilton na Stephens walipiga tena kwa jina la Big Star katika Chuo Kikuu cha Missouri, wakisaidiwa na vijana wawili wa kundi la Posies. Na mwaka 2003 gazeti la Rolling Stone lilipochagua albamu 500 zilizo bora kupita zote, sahani zote tatu za Big Star zilikuwamo.

Hapo msomaji aweza kusema, "Basi methali ni ya kweli, kizuri kilijiuza mwishowe." Mimi pia nilisema hivyo nilipozisoma habari hizi mara ya kwanza. Kisha nikaona mambo mawili.

Kwanza, sahani ile haikujiuza. Ilibebwa na watu. Kila iliyofika mahali ilifika kwa sababu mtu mmoja alisumbuka kumwambia mwenziwe, "Sikiliza hii."

Pili, Chris Bell alikufa katika ajali ya motokaa tarehe 27 Desemba 1978, naye alikuwa na umri wa miaka 27. Albamu ya nyimbo zake mwenyewe, I Am the Cosmos, ilitolewa mwaka 1992, yaani zaidi ya miaka 13 baada ya kuzikwa kwake. Sifa zilipofika mlangoni, mwenye nyumba hakuwako.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilizikumbuka zile kaseti 40. Nikajiuliza swali ambalo sikujiuliza mwaka 1989: zilikuwa wapi? Jibu nalijua vizuri. Zilikuwa ndani ya sanduku chini ya kitanda changu. Sikupeleka hata moja katika duka la mjini, wala redioni, wala katika shule ya jirani. Nani angeinama chini ya kitanda changu kutafuta muziki? Tena nikapiga hesabu. Chumbani mwetu tulilala kumi na wawili. Ukitutoa mimi na mtunzi, wanabaki kumi, na hao ndio waliozisikia nyimbo zile. Kati yao, sita walinunua. Sita katika kumi! Kama ningekuwa mwuzaji kweli, ningejua kwamba hesabu hiyo ni ya ajabu. Badala yake nilichukua methali nikaifunika nayo uvivu wangu, na mwenzangu ndiye aliyeulipia.

Mwaka jana nilimwendea. Ana duka la vipuri vya baiskeli, na ana wajukuu wawili. Nilimweleza habari za Big Star tangu mwanzo mpaka mwisho, nikampigia #1 Record, kisha nikamwomba radhi. Alicheka, akasema gita alikwisha kuliuza zamani. Halafu akaniuliza, "Na yule Bell, alizisikia sifa hizo?" Nikamwambia, "Hapana, hakuzisikia." Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi mimi nina bahati. Ningali hai."

Kwenu ninyi wanafunzi, neno langu ni hili. Methali ni mali ya wazee wetu, wala siitupi. Kitu kizuri huwafanya watu wakitake, lakini miguu hakina. Kabla hujasema kwamba kazi ya mwenzako haifai kwa kuwa haikupata watu, uliza kwanza iliwekwa wapi. Na kama wewe ndiwe uliyekabidhiwa kuiuza, tazama chini ya kitanda chako.

Kwenu ninyi wenzangu wa zamani, nina ombi. Sanduku lile lilipotea tulipohama bweni, na kaseti 34 zikapotea nalo. Yeyote kati ya wale sita aliyeitunza yake, tafadhali aipeleke shuleni kwa mwalimu wa muziki. Nitakuja kuichukua mwenyewe, na safari hii nitaitembeza.