Thirunallar: Nenda, Ila Usiende Jumamosi

Watanzania na Wakenya wengi hufika Chennai wakiwa wamemsindikiza mgonjwa. Siku za mwanzo ni mbio za hospitali. Baadaye mgonjwa anaanza kunywa uji, daktari anasema subirini majibu wiki ijayo, na msindikizaji anabaki chumbani akihesabu mizunguko ya feni. Kama una siku mbili za namna hiyo, na mtu wa kukukaimu kitandani kwa mgonjwa, shuka kusini ukaone hekalu la Zohali huko Thirunallar.

Thirunallar ni mji mdogo, kama kilomita 5 magharibi mwa Karaikal, bandari ya kale kwenye Ghuba ya Bengal. Karaikal ilikuwa mikononi mwa Wafaransa hadi 1954, na hata leo iko chini ya Puducherry kiutawala, ingawa ukitoka nje ya mipaka yake kwa nchi kavu unaingia Tamil Nadu. Kutoka Chennai ni takribani kilomita 300. Ipo treni ya usiku: unalala njiani, unaamkia Karaikal, kisha unapanda basi au bajaji. Bei ya bajaji mkubaliane kabla hujakaa, kama ufanyavyo Kariakoo. Na Kihindi ulichookota kwenye filamu kiache Chennai. Huku ni Kitamili. “Vanakkam” kwa salamu na “nandri” kwa shukrani vitakufungulia nyuso nyingi.

Mwenye nyumba hekaluni ni mungu wa Kihindu Shiva, kwa jina la Dharbaranyeswarar, Bwana wa msitu wa nyasi za darbha. Ni hekalu la zamani: Sambandar, mtakatifu mshairi wa karne ya 7, alilitungia wimbo, na wenyeji husimulia kwamba jani la mvumo lenye wimbo huo lilitupwa motoni mbele ya mfalme kule Madurai likatoka bichi vilevile. Lakini mahujaji walio wengi hawaji kwa ajili ya mwenye nyumba. Wanakuja kwa aliyesimama mlangoni: Shani, sayari tunayoiita Zohali, mleta nuksi.

Kisa chake ni hiki. Mfalme Nala aliandamwa na Shani hadi akapoteza ufalme kwenye kamari na akatengana na mkewe Damayanti. Alipofika Thirunallar akaoga kwenye bwawa, akaingia kumwomba Shiva. Shani hakuthubutu kumfuata ndani. Akabaki mlangoni, na yupo hapo hadi leo, katika kijumba chake, akiwa ameinua mkono wa kubariki badala ya kuadhibu.

Waliokulia pwani hawatashangaa sana. Falaki, buruji na nyota ya mtu si habari ngeni kwetu. Hesabu ya Kihindu ina “sayari” tisa: jua, mwezi, Mirihi, Utaridi, Mshtarii, Zuhura, Zohali, na vivuli viwili vya kupatwa kwa jua na mwezi, Rahu na Ketu. Kila moja ina hekalu lake katika bonde hili la mto Kaveri. Zohali ndiyo inayoogopwa kwa sababu mwendo wake ni mzito. Huzunguka jua kwa miaka 29 na nusu hivi, kwa hiyo hukaa kwenye kila buruji kama miaka miwili na nusu. Ikipita buruji iliyo kabla ya yako, yako, na inayofuata, umemaliza miaka saba na nusu ya kisirani. Siku inapohama buruji, kama ilivyokuwa tarehe 20 Desemba 2023, Thirunallar hufurika watu kutoka kila pembe ya India.

Msongamano mdogo wa namna hiyo hurudi kila wiki. Sisi siku zetu nyingi tunazihesabu tu, mosi, pili, tatu. Watamili wamezipa majina ya sayari, na Jumamosi ni ya Shani. Anayekuja kutubu aje siku hiyo. Wewe mgeni uje Jumanne au Jumatano asubuhi, utembee kwa nafasi yako, uone nguzo za mawe na taa bila kusukumwa na foleni.

Mahujaji huanzia kwenye bwawa la Nala. Hujipaka mafuta ya ufuta, huoga, na wengi huziacha pale nguo walizoogea ili nuksi ibaki nazo. Ukiamua kuoga, tafadhali usizitupe majini, uliza panapokusanywa. Kisha huingia kwa Shiva, halafu kwa Shani, na wengi hukwepa kusimama uso kwa uso naye. Huwashwa vitaa vya ufuta mweusi uliofungwa kwenye kitambaa, na wali wa ufuta hupewa kunguru, kwa kuwa kunguru ndiye kipando cha Shani. Yule yule kunguru wa Bara Hindi aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, na ambaye Dar es Salaam tunamtegea sumu, hapa anakaribishwa chakula.

Viatu huachwa nje, mabega na magoti hufunikwa, simu hubaki mfukoni. Kwa asiye Mhindu, mahekalu mengi ya eneo hili huweka mpaka kabla ya chumba cha ndani kabisa. Uliza kwa adabu, na ukikataliwa usibishane. Nje utavamiwa na wauza vifurushi vya ibada na wanajimu watakaogundua balaa lako papo hapo. Kataa kwa tabasamu. Ukitaka sala maalumu, lipa dirishani upewe risiti. Dereva naye huenda akakuapia kwamba setilaiti za Wamarekani husimama sekunde tatu zikipita juu ya hekalu. Ni uzushi, setilaiti haina breki.

Januari hadi Machi ndiyo miezi mizuri. Oktoba hadi Desemba kuna mvua kubwa na wakati mwingine vimbunga, na kuanzia Aprili joto linachoma. Ukiwa na siku ya ziada, lala Kumbakonam ukaone Suryanar Kovil, hekalu la jua la enzi za wafalme Wachola, ambako sayari zote tisa zina vijumba vyao kwenye ua mmoja.

Fika mapema. Mahekalu ya huku hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, na saa saba za mchana sakafu ya mawe huunguza kweli kweli nyayo tupu.